UZI: Umesema "washa taa" na nyumba imenyamaza. Nani alaumiwe?

1/ Wadau, kila msimu wa siasa huu mjadala unarudi. Mmoja jukwaani anasema Kenya ni ya kidijitali, nyumba mpya zitakuwa janja, taa utaziwasha kwa sauti. Mwenzake anamjibu: stima yenyewe inapotea ovyo, taa janja za nini? Watu wanapiga makofi, meme zinaruka, mjadala unaisha hapo. Hakuna aliyeuliza swali la maana: taa ikikataa kuwaka, ni kitu gani hasa kimekatika, na hicho kitu ni cha nani? Leo tufungue hiyo maneno polepole. Humu hamna jina la mwanasiasa wala chama, kwa hivyo msinitafutie upande.

2/ Kwanza tumalize hii ya "hizo ni shida za matajiri." Balbu janja za Wi-Fi siku hizi unazipata hata Luthuli Avenue. Na anayezihitaji zaidi si lazima awe na pesa. Fikiria mtu wa kiti cha magurudumu ambaye swichi iko juu kuliko mkono wake unavyofika. Fikiria aliyepooza mikono. Fikiria nyanya mwenye macho hafifu anayeamka usiku kwenda choo. Kwa hao, kuiambia taa iwake ni kama ule mteremko wa saruji unaowekwa kando ya ngazi: ndiyo njia yao. Ikifungwa saa nane usiku, wanakaa gizani wakingoja mtu aamke.

3/ Ukisema "washa taa ya jikoni", haya ndiyo hufanyika ndani ya sekunde moja au mbili:

• Spika inasikia lile jina la kuiamsha. Kazi hii inafanyika ndani ya spika yenyewe.
• Inarekodi maneno yanayofuata na kuyapitisha kwa ruta yako.
• Ruta inayapeleka kwa kampuni ya intaneti, kisha yanasafiri hadi kwenye seva za mwenye spika, mara nyingi ng'ambo, kupitia kebo za chini ya bahari.
• Seva inageuza sauti kuwa maandishi, inaelewa unataka nini, halafu mara nyingi inaongea na seva ya kampuni nyingine, ile iliyotengeneza balbu.
• Amri inarudi mpaka kwa balbu iliyo mita tatu kutoka mdomoni mwako.

4/ Soma tena hiyo orodha. Safari ya mita tatu imegeuzwa kuwa safari ya maelfu ya kilomita. Viungo ni vitano: stima, ruta yako, kampuni ya intaneti pamoja na kebo, seva za mbali, na balbu. Kimoja kikikatika, taa haikusikii. Na kila kiungo kina mwenyewe. Ndiyo maana kumlaumu mtu mmoja kwa kila kitu ni kupoteza shabaha. Twende kiungo kwa kiungo, na mifano tunayoikumbuka sote.

5/ STIMA. Usiku wa 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani, na hata sehemu ya uwanja wa ndege wa JKIA ilikosa umeme. Blakauti nyingine kubwa zikafuata Novemba na Desemba mwaka huo huo. Halafu 6 Septemba 2024: kwa maelezo rasmi, laini ya kilovolti 220 inayoleta umeme kutoka Loiyangalani ilijizima pale Suswa, na laini inayotuunganisha na Ethiopia ikafuata. Kitu kilianza mahali pamoja, na nyumba za mamia ya kilomita zikazimika.

6/ Hapa ndipo wanasiasa hutuchanganya. Sekta ya umeme ina mikono kadhaa. KenGen na kampuni binafsi wanazalisha. KETRACO wanajenga na kuendesha laini kubwa za kusafirisha. Kenya Power wanakuletea mpaka mlangoni na ndio unaowalipa tokeni. EPRA ni msimamizi. Transfoma ya mtaa wenu ikiungua na mkakaa wiki moja, hiyo ni hadithi tofauti kabisa na laini ya Suswa kujizima. Mtu akisimama na kusema "nitamaliza blakauti", muulize: ipi kati ya hizo?

7/ INTANETI. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini mwa bara, na Afrika Mashariki yote ikahisi. Stima ilikuwepo, ruta inawaka taa zake vizuri, lakini mambo yalikuwa ya kukokota. Siku kama hiyo spika inakujibu kwamba ina shida ya kuunganika, na balbu inakutazama tu. Kebo zetu zinafika nchi kavu Mombasa. Zikiwa nyingi na za njia tofauti, moja ikikatika nyingine inabeba mzigo. Hilo ni swali la mipango na uwekezaji, unaweza kumuuliza mgombea yeyote.

8/ Kuna kukatika kwingine ambako kunazua kelele zaidi. Tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano, intaneti ilidorora nchini. Siku iliyotangulia, Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imesema haina mpango wa kuizima. Kampuni za simu zilitaja hitilafu ya kebo za baharini, na watetezi wa haki wakataka maelezo zaidi. Mei 2025 Mahakama Kuu ikatoa amri ya muda kuzuia intaneti kuingiliwa kesi ikiendelea. Huu mjadala kwa kawaida tunauona wa Twitter na WhatsApp peke yake. Lakini siku intaneti inapozimwa, kwa sababu yoyote ile, kuna watu ambao mlango, kengele na taa zao zinazimika nayo.

9/ SEVA. Hiki ndicho kiungo ambacho hakitajwi kabisa kwenye mijadala yetu. Tarehe 20 Oktoba 2025 vituo vya Amazon vilivyo Virginia, Marekani, vilipata hitilafu. Watu wenye stima na intaneti safi waliongea na Alexa ikawa kama wanaongea na ukuta. Hapo hakuna wizara ya kulaumu, hakuna gavana. Umeme wako mzima, faiba yako nzima, lakini uamuzi wa taa yako unafanywa kwa mtu mwingine.

10/ Na kampuni inaweza kufunga kabisa. Aprili 2022, Insteon, kampuni ya Marekani ya vifaa vya nyumba janja, ilizima seva zake bila kuwaambia wateja. Watu waliamka wakapata programu ya simu haifanyi kazi. Baadaye kikundi cha wateja wenyewe kiliinunua na kuzirudisha. Sasa jiulize hiyo balbu ya bei rahisi yenye jina usiloweza kulitamka: kampuni yake ikifunga, utamtafutia wapi?

11/ Sawa, tufanye nini? Kanuni ni moja: kazi inayoweza kufanyika ndani ya nyumba, ifanyike ndani ya nyumba. Halafu kila tabaka likianguka, chini yake kuwe na lingine. Sauti ikigoma, simu ifanye kazi. Simu ikigoma, swichi ifanye kazi. Swichi ikigoma, kuwe na tochi. Nyumba ambayo ina njia moja tu ya kuwasha taa haijawa janja bado.

12/ TABAKA LA KWANZA: ruta isizime. Ruta na kisanduku cha faiba kwa pamoja hutumia kama wati 10, nyingi zikitumia volti 12. Kuna UPS ndogo za ruta, kama kitabu kwa ukubwa. Yenye mAh 8,800 kwa volti 3.7 ina kama Wh 32. Toa kinachopotea njiani, zinabaki kama 26. Gawa kwa wati 10: takriban saa mbili na nusu. Soma volti iliyoandikwa kwenye chaja ya ruta kabla ya kununua. Ukiipa ruta ya volti 9 volti 12, unaweza kuiaga.

13/ Lakini kuna mtego wa wapangaji. Kwenye ploti nyingi, kampuni ya intaneti ina kisanduku chake kwenye ngazi au karibu na mita, na hicho kisanduku kinakula stima ya jengo. Stima ikipotea, ruta yako inaishi lakini kisanduku kimekufa, kwa hivyo huna kitu. Muulize keateka kama kina betri au kimeunganishwa na jenereta ya jengo. Na ukitegemea bando la simu, jua kwamba milingoti ya simu pia ina betri zinazoisha. Blakauti ikiwa ndefu, nayo inaanza kulegea.

14/ TABAKA LA PILI: taa yenyewe ipate umeme. Hapa ndipo wengi hukosea kuelewa. Balbu janja ya kawaida inataka volti 240 kama balbu nyingine. Ruta ikiwa hai na balbu imekufa, utakuwa na Wi-Fi nzuri gizani. Kwa hivyo unahitaji inveta na betri kwa ajili ya saketi ya taa. Hesabu: balbu 6 za wati 9 ni wati 54. Ongeza ruta, spika na kitovu cha balbu, unafika kama 70. Inveta nayo inakula chake, sema 85. Betri ya lithiamu ya volti 12.8, Ah 100, ina Wh 1,280. Ukitumia asilimia 80 yake, unapata karibu saa 12. Usiku mzima.

15/ Huna pesa ya hiyo? Punguza. Chagua taa mbili tu, choo na njia ya kwenda choo, ndizo ziwe na umeme wa akiba. Betri ndogo inatosha. Zile balbu za kuchaji zinazoendelea kuwaka stima ikipotea pia ni msaada wa kweli. Nyingi hazisikii sauti, lakini zinawaka, na giza la kwanza ndilo huangusha watu.

16/ Tafadhali sana: usichukue waya wa inveta au jenereta ukauchomeka kwenye soketi ya ukuta ili "kulisha nyumba". Umeme huo unaweza kurudi kwenye laini ya nje na kumuua fundi aliye juu ya nguzo akiwatengenezea stima. Lazima kuwe na swichi ya kubadilishia, na aifunge fundi mwenye leseni ya EPRA. Mwambie atenge saketi ya taa peke yake. Pasi na birika la umeme zisiguse hiyo betri.

17/ TABAKA LA TATU: akili ikae nyumbani. Balbu zinazotumia Zigbee zinaongea na kitovu, kisanduku kidogo kilicho hapo sebuleni. Mfano ni Philips Hue: intaneti ikikatika, simu iliyo kwenye Wi-Fi ya nyumbani bado inaziwasha, na swichi zake zisizo na waya pia. Kuna pia kiwango kinachoitwa Matter, kilichotoka Oktoba 2022, ambacho kimeundwa ili vifaa vya kampuni tofauti viongee ndani ya nyumba bila kupitia seva za mbali. Ukienda dukani, swali la kumuuliza muuzaji ni moja: "Nikichomoa waya wa intaneti, hii itawaka kwa simu?" Akianza kubabaika, endelea na safari.

18/ TABAKA LA NNE: sauti bila intaneti. Spika nyingi za kawaida zinahitaji seva kuelewa maneno, ingawa baadhi za Amazon zenye kitovu cha Zigbee ndani zinaweza amri chache za taa bila intaneti. Njia ya uhakika zaidi ni Home Assistant, programu ya bure inayokaa kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi. Inaweza kusikiliza, kuelewa na kuwasha taa bila neno lolote kutoka nje ya mlango. Inataka uvumilivu na kijana mmoja anayependa kompyuta kwenye familia. Kila familia ya Kenya inaye, mpe kazi.

19/ Na lugha je? Mpaka naandika, Kiswahili hakimo kwenye orodha ya lugha za Alexa. Kwa hivyo yule nyanya tuliyemtaja kule juu lazima ajifunze kusema Kiingereza kwa lafudhi ambayo mashine itakubali, saa nane usiku, nyumbani kwake. Mashine zinajifunza kutokana na sauti zilizorekodiwa. Mradi wa Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti za Kiswahili kutoka kwa watu wa kawaida na kuzitoa bure. Wanasiasa wanaosema wanapenda Kiswahili kila tarehe 7 Julai wanaweza kuulizwa wamefanya nini kwa hilo.

20/ TABAKA LA TANO: stima inaporudi. Balbu nyingi janja, umeme ukirudi, huwaka zote kwa nguvu. Saa tisa usiku nyumba nzima inang'aa kama uwanja wa mpira. Ingia kwenye programu, tafuta mpangilio wa hali ya balbu baada ya umeme kurudi, uweke "kama ilivyokuwa". Pia, stima hurudi na kishindo. Kile kifaa cha kulinda friji, mnunulie ruta na kitovu kaka yake. Na mwambie kila mtu nyumbani: swichi ya ukutani ikizimwa, balbu janja haisikii mtu.

21/ Sasa turudi jukwaani. Hoja utakazozisikia, na majibu yake:

"Sola itamaliza haya yote." Inategemea. Mfumo wa sola uliounganishwa na gridi bila betri hujizima stima inapopotea, kwa makusudi, ili usimuue yule fundi wa kwenye nguzo. Sola yenye betri, ndiyo. Anayekuahidi sola bila kutaja betri anakuahidi mchana.

22/ "Hiyo ni kazi ya serikali kuu, kaunti haihusiki." Soma Jedwali la Nne la Katiba: usambazaji wa umeme na gesi umetajwa miongoni mwa majukumu ya kaunti, chini ya mipango na maendeleo. Utekelezaji ni hadithi nyingine, lakini mgombea wa ugavana hawezi kusema stima haimhusu.

"Mwananchi avumilie." Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Nishati ya 2019 nayo inazungumzia fidia kwa anayeumizwa na kukatika kwa umeme. Mzozo uko kwenye kuthibitisha: weka tarehe, saa, picha, risiti ya kilichoungua, na namba ya malalamiko uliyopewa.

23/ "Hizi spika zinatusikiliza." Hii msiicheke. Machi 2025 Amazon iliondoa chaguo lililowaruhusu baadhi ya wateja kutotuma rekodi zao kwenye seva. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua data yako inatumiwaje, na kuna Kamishna wa Data wa kupelekewa malalamiko. Ona vile mambo yanakutana: taa inayofanya kazi bila intaneti ni taa isiyopeleka sauti yako ng'ambo. Dawa moja, magonjwa mawili.

24/ Maswali matano ya kubeba kwenye baraza au mjadala wa TV:

• Nyumba za bei nafuu unazojenga: saketi ya taa imetengwa ili mpangaji aweze kuweka betri bila kuvunja ukuta?
• Kisanduku cha intaneti cha jengo kina umeme wa akiba, au ni lifti tu?
• EPRA hutoa takwimu za muda na mara ngapi umeme hukatika. Za kaunti yetu ni ngapi, na unaahidi zishuke mpaka wapi, kufikia mwaka gani?
• Kebo ya baharini ikikatika kesho, hospitali na shule zetu zina njia ya pili?
• Unaunga mkono sheria inayokataza kuzima intaneti? Ndiyo au la.

Mtu aliye na majibu hatakasirika ukimuuliza.

25/ Kwa leo, kabla hujalala, fanya jaribio la dakika tano. Chomoa waya wa intaneti, sema "washa taa". Rudisha, kisha zima swichi kuu, sema tena. Andika kilichokataa na kilichokubali. Ukiishi na mzee au mtu mwenye ulemavu, fanya naye, kwa sababu ndiye atakayekuwa peke yake siku hiyo. Halafu rudi hapa utuambie kiungo gani kilikatika kwako, uko kaunti gani, na kama ni ploti au nyumba ya peke yake. Nitayapanga majibu yenu kwenye uzi unaofuata. Sambaza imfikie yule jirani wa jenereta kwenye soketi.